Chupa ya Mistari Sita

Nathanaeli alikuwa fundi seremala, na mdomo wake ulikuwa mzito kuliko randa yake. Ukimpa ubao atakueleza ulikatwa lini, ulikaushwa vibaya upande gani, na utapinda mvua zikianza. Ukimweka mbele ya mtu mzima, hasa mwanamke, ataanza kukagua misumari ya mlango. Watu wa kijiji cha Mkiwa walimjua hivyo na walimpenda hivyo hivyo. Lakini mwaka ule wa sabini na tano kimya chake kilitaka kumzika mkewe, na hakuna sababu ya kulizungusha jambo hilo.

Mkewe aliitwa Theodora. Alirudi kutoka shamba la ujamaa siku ya Jumatatu akishika tumbo, na mpaka Jumatano alikuwa ametapika na kuharisha hata macho yameingia ndani, na ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Maji ya kisima kipya yalilaumiwa, na huenda ni kweli, maana nyumba tano ziliumwa tumbo wiki ile. Wenzake walikwenda zahanati mapema. Theodora alikuwa mtu wa kusema "nitaona kesho", akaona kesho mara mbili, na mara ya tatu akabebwa kwenye kitanda cha kamba akiwa hajitambui.

Zahanati yao ilikuwa na vitanda vinne, paa la bati, na jiko la udongo nyuma ambako ndugu walipikia wagonjwa. Aliyeiongoza alikuwa mganga msaidizi mmoja, Gasto, mzaliwa wa Kintinku, mwembamba, mwenye baiskeli nyeusi na maneno makavu. Muuguzi wake pekee alikuwa amejifungua wiki ile ile, kwa hiyo Gasto alikuwa mganga, muuguzi, mfagiaji na mlinzi. Alimwekea Theodora maji ya mshipa chupa baada ya chupa. Kufikia Alhamisi mapigo ya moyo yalikuwa yametulia, macho yamerudi, na Theodora akaweza kuuliza watoto wamekula nini. Ndugu wakashukuru. Gasto hakushukuru. Alimwita Nathanaeli nyuma ya jengo, ilipoegeshwa baiskeli.

"Mkeo amekojoa lini mara ya mwisho?"

Nathanaeli akaitazama baiskeli.

"Nakuuliza wewe, siyo baiskeli."

"Sijui, Bwana Mganga. Labda Jumanne."

"Leo Alhamisi. Chupa zote nilizomwekea zimekwenda wapi?"

Gasto hakusubiri jibu. Alimweleza kwamba siku zile mbili mwili ulipokauka, figo za Theodora zilikosa damu ya kutosha, na sasa zimesimama. Alikwisha kuzungumza na daktari wa mkoa kwa redio ya polisi. Mashine ya kusafisha damu haikuwepo mkoani, na kumtikisa mgonjwa barabarani kungemuumiza bure. Tiba iliyobaki ilikuwa kupima na kungoja.

"Sikiliza vizuri," akasema Gasto, "maana mimi kesho asubuhi nakwenda kuchanja vijiji vya upande wa pori na nitarudi Jumamosi. Mwili wake hauna pa kutolea maji. Kwa siku apewe makopo mawili tu, kwa ajili ya jasho na pumzi, na juu ya hayo aongezewe kiasi kile kile atakachokojoa. Maji, uji, maziwa, chai, mchuzi, chochote kinachomwagika ukikiinamisha, hayo yote ni maji. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Tafuta chupa uipige mistari. Mkojo wake wote uingie humo, nikirudi nijue umefika wapi. Anayemuuguza mwambie hivyo hivyo nilivyokwambia."

Hapo ndipo shida ilipolala, maana aliyemuuguza Theodora alikuwa mama yake mzazi, Bibi Magdalena, aliyekuja kutoka Ikungi na mkeka wake begani mara tu alipopata habari. Chumba cha wanawake hakikuingiwa na wanaume ila saa ya kutazama wagonjwa, na hata saa hiyo Nathanaeli hakuingia kama mama mkwe yumo. Kwa watu wao, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, na hatamki mbele yake jambo lolote la chini ya kiuno. Akikosea anapeleka mbuzi wa kuondoa aibu, na hata akipeleka atasemwa miaka kumi. Katika miaka minane ya ndoa, Nathanaeli na Bibi Magdalena walikuwa wamesalimiana kupitia milango, kuta na mara moja kupitia ng'ombe. Wote wawili waliona hayo ni maelewano mazuri sana.

Basi Nathanaeli akafanya sehemu aliyoiweza. Alipata chupa nyeupe ya kioo, akaipima kwa kikombe cha kahawa, na kila kikombe kimoja akakichorea mstari kwa tupa. Ilipata mistari sita, imenyooka kama imepigwa kiwandani. Na kwa sababu alikuwa fundi, na fundi hawezi kuacha kitu kitupu, akazungushia shingo ya chupa nakshi ndogo ya pembe pembe. Jioni hiyo, kabla jua halijazama, akaiweka kizingitini pamoja na kopo la bati, akasimama pembeni ya mlango akitazama ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," sauti ikatoka ndani.

"Mganga amesema maji makopo mawili kwa siku."

"Nimesikia, baba."

Neno lilifika kooni, likageuka, likarudi lilikotoka. Akasema, "Na chupa hiyo."

"Nimeiona, baba. Ahsante sana."

Akaondoka akiwa mwepesi, kama mtu aliyemaliza kazi.

Ijumaa na Jumamosi asubuhi wageni walimiminika. Nani aumwe Mkiwa asitazamwe? Walikuja majirani wa Theodora, wanakwaya wenzake, na wanawake wa upande wa msikitini aliowahi kusuka nao vikapu. Kila mmoja alikuja na kibuyu au sufuria, na kila aliyekuja alipenda kuona mgonjwa anaonja alicholetewa ndipo aage. Bibi Magdalena hakumnyima mtu furaha hiyo. Kuhusu maji alikuwa mkali wa kuogopesha: makopo mawili, bila tone la nyongeza, na mwanamke mmoja aliyetaka kuongeza alinyang'anywa kopo. Lakini uji ni uji. Uji wa uwele, wenye maziwa, wenye kijiko cha samli, ni chakula cha mgonjwa, na hakuna mama wa Ikungi atakayekaa na mwanawe mgonjwa bila kumpa chakula.

Gasto alirudi Jumamosi saa sita na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimkuta Theodora amekaa kitako kitandani kwa sababu akilala hapati pumzi. Uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki mistari miwili, na miguu ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Gasto akachoma sindano, akamwegemeza kwa mito na mablanketi yote aliyokuwa nayo, kisha akamtoa damu mkononi kiasi cha kikombe ili moyo upunguziwe mzigo. Baada ya saa nzima pumzi ilipotulia kidogo, ndipo akauliza ile chupa iko wapi.

Bibi Magdalena akaitoa chini ya kitanda, imefungwa vizuri kwa kitambaa safi. Ndani yake mlikuwa na samli, na ilifika mstari wa tano.

"Zawadi ya mkwe wangu," akasema, kwa fahari ambayo hakuweza kuificha. "Amenichongea."

Gasto akatoka nje. Nathanaeli alikuwa amesimama pale pale penye baiskeli.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

Nathanaeli akatazama chini. Gasto akaelewa mwenyewe, maana hata Kintinku wana wakwe. Hasira zilimpanda na kushuka usoni. Akaketi kwenye ngazi ya zahanati akamwonyesha Nathanaeli naye aketi.

"Atakufa?" Nathanaeli akauliza. Lilikuwa swali la kwanza kutoka kinywani mwake bila kusukumwa.

"Anaweza. Nisikudanganye. Lakini nataka ujue anachongojea, maana naona ulidhani nakupa amri za kizungu tu." Gasto akavua miwani akaifuta vumbi. "Nilipokuwa chuoni, mwalimu mmoja alituonyesha figo kwa darubini. Ndani mna vijifereji vingi, vyembamba kuliko unywele, na kuta zake zimejengwa kwa chembe hai zilizopangwa moja baada ya nyingine. Kila chembe ina maandishi ndani yake, wataalamu wanayaita jeni. Maandishi hayo ni ya mwili mzima, namna ya kuwa jicho, namna ya kuwa ini, kila kitu. Lakini chembe ya figo haisomi yote. Inasoma kurasa zake za kazi, zilizobaki zimefungwa."

"Zimefungwa na nani?"

"Ngoja. Figo ikikosa damu, chembe nyingine zinakufa. Zinazobaki zinabadilisha kurasa. Zinafunga zile za kazi, zinafungua za kujilinda, kisha zinafungua kurasa zilizofungwa tangu mtoto akiwa tumboni, za kukua na kugawanyika. Chembe nzima inarudi utotoni. Inaacha kuchagua la kutunza na la kutupa, inazaana, inajaza nafasi ya wenzake waliokufa. Nafasi zikijaa, za utoto zinafungwa tena, za kazi zinafunguliwa, na mkojo unatoka. Hizo figo za mkeo hazijalala. Ziko kazini, ila si kazi tunayoiona."

Nathanaeli akarudia, kwa sababu fundi hapendi kitu kinachojifungua chenyewe, "Nani anafungua na kufunga?"

"Hata mwalimu wetu alikuna kichwa hapo. Kwa vijidudu wameshajua kiasi. Kwa mtu bado wanatafuta." Gasto akavaa miwani. "Inachukua siku kumi, wengine wiki tatu. Wengine hazirudi. Kazi yetu sisi ni moja tu, tusimzamishe kabla hazijamaliza. Sasa nenda kamwambie mama yako mkwe. Mimi ningemwambia, lakini nina vituo vingine viwili na sitakuwepo kila anapokoroga sufuria. Nataka asikie kutoka kwa mtu anayemwamini."

Nathanaeli akainuka. Njia kutoka kwenye ngazi mpaka jikoni ilikuwa hatua ishirini, na aliwahi kubeba mabati kutoka Singida mjini bila kuchoka namna ile.

Bibi Magdalena alikuwa ameinamia chungu. Alipoona kivuli cha mwanamume mlangoni alijifunika khanga kichwani, na alipoona kivuli hakiondoki akageuka akaelekea ukutani, mwiko wake bado chunguni. Nathanaeli akaingia, akaketi juu ya kigogo, mgongo wake na wa mama mkwe ikitazamana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Safari hii hakusema baba.

"Mama, mwaka jana tulipohamishiwa hapa, ulikuja kututembelea."

Mwiko ukagonga chungu.

"Duka lilikuwa limefungwa. Shule imefungwa. Mwalimu alikuwa anakata nyasi, Alute mhunzi anachota maji, mimi mwenyewe nilikuwa nakanyaga udongo na randa yangu imo ndani ya gunia. Ulisema nini, mama?"

Bibi Magdalena akakiambia chungu, "Nilisema hiki siyo kijiji, hiki kimekufa."

"Kilikuwa kimekufa?"

"Mlikuwa mnajenga." Akakoroga kidogo. "Baadaye kila mtu alirudia kazi yake."

"Figo za Theodora zinajenga, mama. Nusu ya wenye nyumba humo ndani wamekufa, waliobaki wameacha kazi zao wanajenga. Kwa hiyo sasa hivi hakuna anayetoa maji nje. Tukimwaga maji mengi ndani, tunawabomolea." Akaikalia mikono yake. "Uji ni maji. Maziwa ni maji. Mchuzi ni maji. Yote yahesabiwe kwenye yale makopo mawili. Na ile chupa siyo ya samli, mama. Ile chupa ni ya mkojo wa Theodora. Lazima tuupime kila siku, ndiyo tutajua wamemaliza."

Mwiko ukasimama. Nje mtu alikuwa anapasua kuni, na ulisikika kila mpasuo. Nathanaeli alingoja dunia ipasuke nayo, lakini haikupasuka.

"Nathanaeli," akasema Bibi Magdalena. Hakuwahi kulitaja jina hilo maishani mwake. "Utaleta mbuzi."

"Nitaleta, mama."

"Beberu. Usiniletee kitoto."

"Beberu."

Alipozungumza tena sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu mzee. "Kwa hiyo ni mimi niliyemvimbisha. Mkono wangu huu, na kijiko."

"Hapana, mama. Ni mimi niliyenyamaza."

Bibi Magdalena alilia kidogo, akiwa ameelekea ukutani, na Nathanaeli naye alilia akiwa ameelekea mlangoni, na hakuna aliyemwona mwenzake. Kisha yule mama akakiepua chungu cha uji, akawamwagia kuku wa zahanati uji wote, akasema, "Nipe maji ya moto nioshe chupa."

Kuanzia siku ile zahanati ilipata askari. Bibi Magdalena alimtafuta Alute, ambaye mbali na uhunzi alikuwa mjumbe wa nyumba kumi na mpenda vyeo, akampa kazi ya kusimama langoni na kuzuia kila kibuyu. Alute aliifanya kazi hiyo vizuri kupita kiasi, hata siku moja alimzuia Gasto akiwa na birika lake la chai. Wageni walikasirika. Mama mmoja wa kwaya alisema kwa sauti kwamba hajapata kuona mzazi anayemuua mwanawe kwa kiu huku akimpepea. Bibi Magdalena alimsikia na akaendelea kupepea.

Jambo gumu lilikuwa Theodora mwenyewe. Kiu ilimtesa. Aliomba maji kwa adabu, akaomba kwa hasira, akaomba kwa majina ya watoto wake. "Mama, hata tone." Mama yake alimlowesha midomo kwa kitambaa, akasema bado kidogo, kisha akaenda nyuma ya jiko akafunika uso akilia. Nathanaeli alikuwa upande wa pili wa ukuta ule akichonga mpini wa jembe, na kila alipomsikia alizidisha kelele za panga ili mama mkwe adhani hasikii.

Kila asubuhi chupa ilitolewa. Jumapili haikufika mstari wa kwanza. Jumatatu haikufika. Jumanne ilikuwa na kijiko kimoja cha kitu cheusi kama majani ya chai. Uvimbe ulishuka pole pole, pumzi ikawa nyepesi, lakini Alhamisi Theodora alianza kumwita mama yake kwa jina la bibi yake aliyekufa, na mkono ulikuwa ukiruka wenyewe juu ya blanketi. Gasto alisema uchafu unazidi katika damu. Alisema tungoje. Alilisema neno hilo bila kumtazama mtu usoni.

Jioni ya Alhamisi wazee wawili walikwenda karakanani kwa Nathanaeli. Hawakusema walichofuata. Walizungumza habari za mvua, kisha mmoja akagusa mbao nne za mninga zilizoegemezwa ukutani, ndefu, kavu, nzuri, akasema kwamba mbao kama hizi siku hizi hazipatikani. Kila Mkristo aliyekufa Mkiwa alizikwa katika sanduku lililotengenezwa na Nathanaeli, na wote watatu walijua mbao ndefu namna ile huwa za kazi gani. Walipoondoka, Nathanaeli alichukua msumeno. Akazikata zote, moja baada ya nyingine, vipande vya urefu wa mkono, mpaka haukubaki ubao ambao ungemtosha mtu kulala. Kisha akaketi katikati ya vipande vile. Alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na hata hivyo alianza kupima vipande kwa ajili ya kigoda.

Ijumaa chupa ilifika mstari wa kwanza. Gasto aliitazama kwenye mwanga, akasema tusifurahi. Jumamosi ilirudi chini kidogo. Jumapili ikapanda tena juu ya mstari, na Theodora akamwita mama yake mama. Jumatatu ilikaribia mstari wa pili.

Jumanne ilikuwa kliniki ya watoto wachanga. Uwanja wa zahanati ulijaa akina mama, watoto wakipimwa kwenye mzani ulioning'inizwa mtini, Alute langoni akipanga foleni ambayo hakuna aliyemwomba aipange. Nathanaeli alikuwa pembeni akipigilia bawaba ya dirisha. Ilipata saa tatu hivi mlango wa chumba cha wanawake ukafunguliwa, na Bibi Magdalena akatoka. Khanga ilikuwa imemwangukia mabegani, kichwa kiko wazi. Mkononi alishika chupa, ameiinua juu kwenye jua, na chupa ilikuwa imejaa kitu cha rangi ya njano safi, kinameremeta katikati ya ile mistari na ile nakshi ya pembe pembe.

Akapita katikati ya foleni. Akina mama wakampisha. Alikwenda moja kwa moja mpaka dirishani.

"Nathanaeli," akasema, si kwa kunong'ona, "mkojo wa Theodora umefika mstari wa sita, na mwingine umemwagika. Anaendelea kukojoa."

Uwanja mzima ulinyamaza. Hata mtoto aliyekuwa mzanini alinyamaza. Bibi Magdalena akasikia alichokisema, na mahali alipokisema, na kwa nani, na mbele ya nani. Midomo ikabaki wazi. Nathanaeli alikuwa na misumari miwili katikati ya meno, akaitema mkononi. Wakatazamana usoni, mara ya kwanza katika miaka minane, na akaona kwamba macho ya mama mkwe wake ni yale yale ya Theodora.

"Basi na mimi nina mbuzi wa kuleta," akasema Bibi Magdalena.

Yaliyofuata yalikuwa ya kelele zaidi. Kwa siku tano Theodora alijaza chupa ile mara sita, hata mara nane kila siku, na Gasto akageuza amri yote kichwa chini. Sasa anywe, akasema, anywe sana, maana figo zimefungua milango lakini bado hazijakumbuka kutunza. Bibi Magdalena alikataa. Alisema makopo mawili ni makopo mawili, na kwamba mganga asimchezee. Ilibidi Nathanaeli aitwe, akaketi naye jikoni na kumweleza kwamba kijiji kikimaliza kujenga, siku za kwanza kila mtu huwa mgeni katika kazi yake, na fundi aliyekaa mwezi mzima bila kushika randa ataharibu mbao mbili tatu kabla mkono haujarudi. Bibi Magdalena akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampelekea mwanawe kopo la maji, akasimama akamwangalia analinywa lote, akarudi kujaza la pili.

Mbuzi walichinjwa siku moja, mabeberu wawili, katika uwanja wa nyumba ya Nathanaeli. Gasto alikuja na baiskeli yake, Alute akaja na cheo chake, akaja hata yule mama wa kwaya. Theodora alikuwa amekonda, shingo imetoka mifupa, lakini alitembea mwenyewe kutoka mlangoni mpaka kivulini, akaketi juu ya kigoda kipya cha mninga, kizito, kilichotengenezwa kwa mbao nzuri kuliko kigoda chochote kinavyostahili.

"Mbuzi wawili," akasema. "Mmefanya nini nyie nilipokuwa nimelala?"

Nathanaeli akatazama misumari ya mlango. Alikuwa bado anaitazama wakati Bibi Magdalena alipochagua kipande cha ini, akamnyooshea mkwe wake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu wote.

"Tulizungumza," akasema. "Kula, mwanangu, kitapoa."

Nathanaeli akala.